Mpangaji Akinunua Nyumba ya Umma, Anayemfuata Atalala Wapi?



Mfikirie mfanyakazi aliyepangishwa nyumba ya serikali akiwa na umri wa miaka 30. Kila mwezi hulipa kodi bila kukosa. Hupaka kuta rangi kwa fedha zake, hupanda mwembe uani, na huwalea watoto wake humo hadi wanaoa na kuolewa. Anapofikisha miaka 60 na kustaafu, huambiwa arudishe funguo. Kodi ya miaka 30 imemwachia bunda la stakabadhi, wala hana tofali moja aliloweza kuliita lake. Je, mtu huyu anastahili kutendewa nini?

Serikali nyingi duniani zimelijibu swali hili kwa kumwambia: nunua nyumba hiyo, nasi tutakusaidia kuinunua. Jibu hilo hupendwa sana, hasa miaka ya uchaguzi. Mimi pia naliona kuwa jema, ila kwa sharti moja ambalo aghalabu husahauliwa: serikali isiuze nyumba hata moja ya umma kabla haijaonyesha mahali itakapojengwa nyingine badala yake. Mpangaji wa leo ana haki ya kupiga hatua. Lakini yupo pia mpangaji wa kesho, ambaye bado hana jina katika daftari lolote, naye ana haki hiyo hiyo. Katika makala haya nitajaribu kukuonyesha kwa nini nimeshika msimamo huu.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kupanga nyumba ni kukaa katika nyumba ya mwingine kwa malipo, na afanyaye hivyo ni mpangaji. Kupangisha ni kuitoa nyumba yako kwa malipo, na afanyaye hivyo ni mpangishaji. Malipo yenyewe huitwa pango au kodi. Utaona kwamba neno kodi hutumika pia kwa fedha tunazotozwa na serikali katika mishahara na biashara zetu. Basi nyumba ya umma ni ile iliyojengwa kwa kodi ya maana hii ya pili, ikapangishwa kwa kodi ya maana ile ya kwanza. Mwenye nyumba hiyo ni wananchi wote kwa jumla. Inapouzwa, waziri au meya hutia saini tu. Wauzaji hasa ni wewe na mimi. Kwa sababu hiyo mauzo ya nyumba za umma ni somo la uraia, hata kwa mtu asiyetarajia kuishi katika nyumba ya serikali maishani mwake.

Mbinu ambazo serikali hutumia kumsaidia mpangaji ni nyingi, lakini zaweza kukusanywa katika mafungu manne. Ya kwanza ni punguzo la bei: mpangaji huuziwa nyumba kwa bei iliyo chini ya ile ya soko, na kadiri alivyokaa muda mrefu ndivyo punguzo linavyoongezeka. Ya pili ni akiba ya lazima: sehemu ya mshahara huwekwa katika mfuko, kisha mwenye akiba huruhusiwa kuitumia kununulia makazi. Ya tatu ni kupanga huku ukinunua: malipo ya kila mwezi huhesabiwa kuwa sehemu ya bei, na baada ya miaka kadhaa nyumba huwa ya aliyeipanga. Ya nne ni sheria inayomwezesha mtu kumiliki fleti moja katika jengo la ghorofa, kwa hati yake mwenyewe, ilhali ngazi, paa na ua hubaki mali ya wote wakaao humo. Bila sheria ya namna hiyo, mpangaji wa ghorofa ya tatu hana cha kununua, kwa kuwa chini yake hakuna ardhi iliyo yake. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2001, Tanzania mwaka 2008, na Kenya ilitunga sheria mpya mwaka 2020 badala ya ile yake ya zamani.

Sasa tuitazame nchi iliyouza nyumba nyingi kupindukia. Mwaka 1979 takriban theluthi moja ya kaya za Uingereza zilikaa katika nyumba za halmashauri. Mwaka uliofuata, chini ya waziri mkuu Margaret Thatcher, Bunge lilipitisha Sheria ya Makazi ya mwaka 1980. Sheria hiyo ilimpa mpangaji aliyekwisha kukaa miaka 3 haki ya kununua nyumba yake, wala halmashauri haikuruhusiwa kumkatalia. Punguzo lilianzia asilimia 33 ya bei na kufika asilimia 50 kwa aliyekaa miaka 20. Miaka michache baadaye, punguzo la fleti lilipandishwa hadi asilimia 70. Mnunuzi alipata pia haki ya kukopeshwa na halmashauri yenyewe.

Watu waliitikia kwa wingi. Katika England peke yake, nyumba karibu milioni 2 zimeuzwa kwa njia hiyo tangu wakati huo. Tusiwadharau wanunuzi hao. Walikuwa makuli, madereva, wauguzi na wafanyakazi wa viwandani, na wengi wao walikuwa wa kwanza katika ukoo wao kushika hati ya nyumba. Walibadilisha milango, wakapanda maua, wakawaachia watoto wao urithi. Mtu akikuambia kwamba sera ile haikumfaa yeyote, mwombe aende akawaulize hao.

Kasoro ilikuwa upande wa pili wa daftari. Nyumba ilipouzwa, sehemu kubwa ya fedha zake haikurudi katika ujenzi. Serikali kuu iliziwekea halmashauri mipaka: fedha nyingi za mauzo zilitakiwa zilipe madeni, na kiasi kidogo tu ndicho kilichoruhusiwa kujengea nyumba nyingine. Ghala likawa linatolewa nafaka kila msimu pasipo mtu kulima. Orodha za watu wanaosubiri nyumba zikarefuka. Baadhi ya nyumba zilizouzwa ziliuzwa tena kwa wafanyabiashara, nao wakazipangisha kwa kodi ya soko. Na zipo halmashauri zilizojikuta zikilipa kodi hiyo ili kuwapa hifadhi watu wasio na makazi, ndani ya kuta zile zile zilizowahi kuwa mali yao.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Uskoti iliifuta haki hiyo mwaka 2016, na Welisi ikafuata mwaka 2019. England haikuifuta, lakini mwezi Novemba 2024 ilipunguza kiwango cha juu cha punguzo, kutoka zaidi ya pauni 100,000 hadi kati ya pauni 16,000 na 38,000 kwa kutegemea eneo, na halmashauri zikaruhusiwa kubaki na fedha zote za mauzo ili zijenge. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kuukubali ukweli ambao mwenye duka yeyote mtaani kwako angekuambia siku ya kwanza: ukiuza bidhaa usinunue nyingine, duka litafungwa.

Tuvuke bahari twende Singapuri, kisiwa kidogo kilichoanza na dhiki kubwa. Mwezi Mei 1961 moto uliteketeza mtaa wa Bukit Ho Swee, na watu wapatao 16,000 wakabaki bila makazi. Bodi ya Nyumba na Maendeleo, iliyoanzishwa mwaka 1960 chini ya uenyekiti wa Lim Kim San, ilianza kwa kujenga fleti za kupangisha, kwa haraka na kwa wingi. Kuuza kulifuata baadaye. Mpango wa wananchi kumiliki makazi ulitangazwa mwaka 1964, na mwaka 1968 wafanyakazi wakaruhusiwa kutumia akiba zao katika Mfuko Mkuu wa Akiba kulipia fleti. Haba na haba hujaza kibaba: fedha zilizokatwa mshaharani kila mwezi ziligeuka kuwa paa juu ya kichwa cha mwenyewe. Leo takriban asilimia 80 ya wakazi wa Singapuri huishi katika fleti za bodi hiyo, na karibu asilimia 90 kati yao wanaishi katika fleti zinazomilikiwa na wakazi wenyewe.

Angalia masharti yaliyowekwa. Fleti huuzwa kwa hati ya miaka 99. Muda ukiisha, hurejea serikalini. Kwa kawaida mnunuzi hana ruhusa ya kuiuza kabla hajakaa humo walau miaka 5. Bodi nayo haikuacha kujenga kwa sababu imeuza. Zaidi ya hayo, fleti za kupangisha zilibakizwa kwa ajili ya maskini kabisa, na kodi yao hupimwa kwa kipato chao. Mwaka 2016 ulianzishwa mpango wa kuzisaidia familia zenye watoto, ambazo ziliwahi kumiliki fleti kisha zikaangukia tena katika upangaji, zinunue upya kwa ruzuku na kwa hati ya muda mfupi zaidi, ambayo bei yake ni nafuu. Nchi hiyo, kwa hiyo, haikumtupa aliyeteleza.

Sisemi kwamba Singapuri ni pepo. Sheria ya mwaka 1966 iliipa serikali uwezo wa kutwaa ardhi kwa fidia ndogo, na wenye ardhi wa zamani waliumia. Mtu asiye na mwenzi huzuiwa kununua fleti hizo hadi afikishe miaka 35. Na wenye fleti za zamani wameanza kujiuliza mali yao itakuwa na thamani gani miaka 99 itakapokaribia ukingoni. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hata hivyo, jambo moja halina ubishi: kule, anayenunua hafungi mlango wa anayemfuata.

Huenda unajiuliza mambo haya ya mbali yanatuhusu nini sisi wa eneo hili. Yanatuhusu sana, maana majirani zetu na sisi wenyewe tumekwisha kuyaonja.

Nchini Zambia, mwaka 1996, ambao ulikuwa mwaka wa uchaguzi, serikali ya Rais Frederick Chiluba iliamuru nyumba za halmashauri ziuzwe kwa wapangaji kwa bei ndogo sana. Familia nyingi zilipata mali kwa mara ya kwanza, na hilo ni jema. Lakini halmashauri zilipoteza kodi zilizokuwa zikilipia mishahara, maji na usafi wa miji. Mpangaji akawa mwenye nyumba, huku taka mbele ya nyumba yake zikikosa mzoaji.

Nchini Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakikaa humo. Baadhi zilikuwa katika maeneo yenye thamani kubwa jijini Dar es Salaam. Watumishi waliopangiwa vituo baadaye walikuta nyumba hazipo, na wengine wakalazwa hotelini kwa gharama za umma. Mjadala ulifika bungeni na ukadumu kwa miaka mingi. Hapa mnunuzi hakuwa maskini wa mtaani. Alikuwa mtumishi mwenye mshahara, na mara nyingine mwenye cheo. Punguzo la bei ni zawadi inayotoka mfukoni mwa wote. Akipewa aliye nacho, kisha wasio nacho wakailipia, neno msaada hupoteza maana yake.

Uganda ina sura mbili za habari hii katika jiji moja la Kampala. Katika sura ya kwanza, maghorofa ya shirika la nyumba la taifa, kama yale ya Bugolobi na Bukoto, yaliuzwa kwa wapangaji wake, na sheria ya mwaka 2001 ikawapa njia ya kupata hati. Katika sura ya pili, wakazi wa mitaa ya Nakawa na Naguru, iliyojengwa zama za ukoloni, waliondolewa mwaka 2011 na nyumba zao zikabomolewa ili mji mpya ujengwe. Waliahidiwa kwamba nyumba zitakapokamilika watakuwa wa kwanza kufikiriwa. Miaka ilipita, majani yakaota juu ya misingi, na mji ule haukujengwa kama ulivyoahidiwa. Wapangaji wa serikali ile ile, katika jiji lile lile: mmoja leo ana hati sandukuni, mwingine ana kumbukumbu ya tingatinga. Tofauti yao haikutokana na bidii. Mmoja alipewa haki iliyoandikwa; mwingine alipewa ahadi.

Kenya imeshika njia ya makato. Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya mwaka 2024 humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho; nyumba zinazojengwa huuzwa kwa malipo ya kila mwezi. Ni mapema mno kutoa hukumu. Lakini tukiilinganisha na Singapuri, tutaona tofauti moja ya msingi: kule, mfanyakazi hukatwa akiba iliyo yake, huku, hukatwa tozo isiyomrudia mwenyewe. Anayekatwa si lazima awe ndiye atakayepata nyumba. Tofauti hiyo yaweza kukubalika, kwa kuwa jamii husaidiana, lakini wananchi wana haki ya kuonyeshwa waziwazi ni nani amepata na kwa vigezo gani.

Baada ya safari hii, wapo watakaosema: basi serikali isiuze kabisa. Sikubaliani nao. Nyumba za umma zisizo na mwenye uchungu nazo huvuja na kuoza. Nani asiyezijua kota zenye mabati yaliyotoboka, ambazo mpangaji hazitengenezi kwa kuwa si zake, na serikali haizitengenezi kwa kuwa haikai humo? Mtu mwenye hati hulala usingizi wa aina nyingine. Wengine watasema: basi iuze kwa bei ya soko, asiye na uwezo aondoke. Hao pia sikubaliani nao, kwa maana mpangaji aliyelipa kodi miaka 30 amechangia gharama za ujenzi kuliko tajiri anayefika leo na mkoba wa fedha.

Ninachopendekeza ni uuzaji wenye masharti. Fedha za kila nyumba iliyouzwa ziwekwe katika akaunti ya ujenzi isiyoguswa kwa kazi nyingine, na kila mwaka itangazwe kwamba nyumba kadhaa zimeuzwa na nyumba kadhaa zimejengwa. Anayepata punguzo akae katika nyumba hiyo kwa miaka iliyowekwa. Akiuza mapema, arudishe sehemu ya punguzo. Sehemu ya nyumba, hasa zilizo karibu na hospitali, shule na viwanda, zisiuzwe kamwe, zibaki kwa wenye kipato kidogo na kwa watumishi wanaohamishwa. Na hati iandikwe majina ya wenzi wote wawili, mume na mke, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari, na mjane asiye na jina katika hati huweza kutolewa nje kabla ya arobaini ya mumewe kwisha.

Nimekuandikia haya wewe unayejifunza Kiswahili kwa kuwa lugha hii hujengwa sokoni na pia kwenye mikutano ya hadhara. Siku moja mgombea atasimama jukwaani na kutangaza kwamba kila mpangaji wa serikali atakuwa mwenye nyumba. Watu watapiga vigelegele, nawe piga pia ukitaka, kwani ahadi hiyo si mbaya. Lakini vigelegele vikitulia, nyoosha mkono na uulize kwa ufasaha na kwa adabu: Mheshimiwa, bei itapunguzwa kwa kiasi gani, na nani atalipia punguzo hilo? Fedha za mauzo zitawekwa wapi? Haki hii imeandikwa katika sheria gani? Na yule kijana aliyehamia mjini jana, anayelala chumba kimoja na wenzake watano, nyumba yake itajengwa wapi, na lini?

Mgombea akiyajibu yote manne, mpe kura yako bila wasiwasi. Akilikwepa lile la mwisho, subiri mkutano unaofuata, kisha unyooshe mkono tena.